Chillagoe na Sheria Mbili za Mwaka 1897

Mwaka 1897, Queensland ilipokuwa bado koloni la Uingereza kaskazini-mashariki mwa Australia, Bunge lake lilipitisha sheria mbili. Ya kwanza iliruhusu kampuni binafsi ijenge reli kutoka Mareeba hadi Chillagoe, sehemu ya bara iliyokauka kwa jua na ambayo ilikuwa imeanza kusifika kwa shaba. Ya pili iliwahusu Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi ile. Jina lake refu lilisema ni ya kuwalinda na kuzuia wasiuziwe afyuni. Ndani yake serikali ilijipa mamlaka ya kumwondoa mwenyeji kwenye ardhi ya wazee wake, kumpeleka kwenye kambi iliyotengwa na kumsimamia ajira yake. Marekebisho yaliyofuata yakaongeza udhibiti wa mshahara na hata wa ndoa.

Wanaoandika juu ya reli hueleza sheria ya kwanza, na wanaoandika juu ya haki za wenyeji hueleza ya pili. Hapa ninaziweka pamoja kwa sababu huko Chillagoe ziliangukia ardhi moja na zikawagusa watu walewale. Anayezuru mji huo leo huonyeshwa mambo matatu: mapango, michoro ya kale miambani, na dohani za tanuru zilizozimwa zamani. Akiyatazama kila moja kivyake atafurahi na kuondoka. Historia yenyewe imo katika namna yalivyokutana.

Chillagoe iko zaidi ya kilomita 200 magharibi ya bandari ya Cairns. Barabara hupanda milima yenye msitu wa mvua, hupita mashamba ya Mareeba na Dimbulah, kisha miti huanza kupungua na udongo kuwa mwekundu. Ukikaribia mji, uwanda unavunjwa na vilima vya mawe ya kijivu vilivyochongoka juu kama misumeno, vingine vikiinuka makumi ya mita kutoka ardhini bila mteremko wa kuviandaa. Ni mawe ya chokaa. Yalianza kama matumbawe chini ya bahari ya joto miaka ipatayo milioni 400 iliyopita, na visukuku vya matumbawe hayo bado vinaonekana kwenye nyuso za miamba. Bahari iliondoka, matabaka yakakunjwa na nguvu za ardhi hadi mengine yakasimama wima, kisha mvua ikafanya kazi yake. Maji ya mvua huchukua hewa ya ukaa angani na udongoni, yakawa na ukali kidogo, na ukali huo huyeyusha chokaa. Ufa huwa mfereji, mfereji huwa ukumbi. Mapango zaidi ya 600 yamehesabiwa katika ukanda huo wa chokaa, na wachunguzi wa mapango bado wanaendelea kuyapima.

Mengi ya mapango hayo yamo ndani ya vilima vyenyewe, juu ya usawa wa uwanda. Kwa hiyo mgeni hupanda ngazi kabla ya kushuka gizani. Yanayotembelewa zaidi na wageni wakiongozwa na wahifadhi ni matatu: Donna, Trezkinn na Royal Arch. Mawili ya kwanza yamewekewa umeme, na taa zake zinaonyesha chokaa iliyodondoka tone kwa tone ikaganda, nyingine ikining'inia darini, nyingine ikiinuka sakafuni kuipokea. Royal Arch hutembelewa kwa taa za mkononi, na kwa maoni yangu ndivyo inavyofaa mapango yote yatembelewe. Ukishika taa yako mwenyewe unaona sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja, na unaelewa mara moja kwamba mtu wa kale aliyeingia humo na kienge cha moto alikuwa akichagua kila hatua. Hapa na pale dari limeanguka, mwanga unaingia, na mizizi ya mitini imeshuka kutoka juu ya mwamba ikitafuta unyevu, mirefu na iliyonyooka, hadi ikagusa sakafu.

Viumbe wa mapangoni wanastahili maneno yao. Wapo popo wa aina kadhaa. Yupo pia ndege mdogo wa jamii ya teleka ambaye hujenga kiota chake kwa nyasi na mate, akakigandisha kwenye ukuta wa pango mahali pasipofikika. Gizani huruka kwa kutoa mlio mfupi wa kukatika-katika na kusikiliza mwangwi wake. Watafiti waliomchunguza Chillagoe katika miaka ya 1980 waligundua jambo la ajabu katika uzazi wake. Mama hutaga yai moja, na kifaranga akishakua kiasi hutaga la pili katika kiota kilekile. Kisha wazazi wote wawili hutoka kwenda kutafuta wadudu, na kifaranga wa kwanza ndiye anayeliatamia yai la mdogo wake. Chakula ni haba pale na msimu wa mvua ni mfupi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Ndege huyo amepata njia ya kulea wawili katika muda wa karibu mmoja.

Wenye ardhi hiyo ni Wawakaman. Jirani zao upande wa mashariki na kaskazini-mashariki ni Wabar-Barrum na Wadjungan, na kusini wako Waewamian. Maisha yao yalifuata maji. Wakati wa kiangazi mito mingi hubaki mchanga mtupu, na chemchemi zinazotoka chini ya vilima vya chokaa huwa ndizo tegemeo la watu na wanyama. Miamba iliwapa kivuli, mapango yenye midomo mipana yaliwapa makazi, na kwenye kuta za makazi hayo walichora. Rangi iliyotumika zaidi ni ngeu. Kuna mistari iliyopishana, miduara, maumbo ya watu na ya wanyama, baadhi yakiwa juu ya mengine yaliyofifia.

Umri wa uchoraji huo ulikuja kujulikana kwa njia ya subira. Katika pango la Walkunder Arch, nje kidogo ya mji, wanaakiolojia walichimba sakafu na kukuta mabaki ya watu walioishi hapo tangu enzi ya barafu. Baadaye wakachunguza utando mwembamba wa madini uliojijenga juu ya ukuta, wakaukata na kuusoma tabaka kwa tabaka. Kati ya tabaka hizo walikuta rangi imewekwa, ikafunikwa, ikawekwa tena. Za chini kabisa zina umri wa zaidi ya miaka 25,000. Nimelifikiria sana jambo hili. Ukuta mmoja ulirudiwa na vizazi ambavyo havikuonana kamwe, kila kimoja kikiikuta kazi ya waliotangulia na kuongeza yake.

Wazungu hawakuingia huko kwa kutafuta shaba. Mwaka 1873 James Venture Mulligan alitangaza dhahabu ya mto Palmer, kaskazini zaidi, na maelfu ya watu wakamiminika, wengi wao Wachina. Mwaka 1876 ikawa zamu ya mto Hodgkinson, ambao Cairns yenyewe ilianzishwa kuwa bandari yake. Kila mkurupuko wa dhahabu ulileta njia mpya katikati ya ardhi za watu, na kila njia ililindwa na Polisi wa Wenyeji. Hiki kilikuwa kikosi cha askari Waaborijini waliochukuliwa sehemu za mbali na kuwekwa chini ya maofisa Wazungu. Kazi yake, iliyoandikwa kwa maneno ya upole katika taarifa za serikali, ilikuwa kuwatawanya wenyeji. Kutawanya kulimaanisha kupiga risasi.

Kisha wakaja ng'ombe. Mwaka 1888 William Atherton, kijana wa ukoo wa wafugaji uliotoa jina kwa uwanda wa Atherton, alichukua eneo na kulifanya ranchi ya Chillagoe. Kwa mfugaji, chemchemi ni mali ya kwanza. Ng'ombe walikunywa na kukanyaga maji ambayo familia za Wawakaman ziliyategemea, na wanyama pori waliowindwa wakarudi nyuma. Kaskazini yote ya Queensland ilipitia mambo hayo: mwenyeji mwenye njaa alimpiga mkuki ng'ombe, na jibu lilikuja kwa bunduki. Waliobaki hai wengi walilazimika kukaa pembezoni mwa ranchi na kufanya kazi humo, wanaume machungani, wanawake majikoni, kwa posho ya unga, chai na sukari. Kukaa ranchini kulikuwa na faida moja kubwa ambayo walioandika kumbukumbu za ranchi hawakuitambua. Kulimwezesha mtu abaki katika nchi yake, karibu na miamba yake, na kuwafundisha watoto majina ya mahali.

Ni Atherton huyo aliyeona mawe yenye rangi ya kijani na buluu yakichomoza ardhini, rangi ambazo shaba hupata ikikaa kwenye hewa na maji. Habari zilimfikia John Moffat. Huyu alizaliwa Scotland mwaka 1841, akahamia Queensland akiwa kijana, na kufikia miaka ya 1880 alikuwa amejenga himaya ya bati katika kijiji cha Irvinebank. Wachimbaji walimwita John Mwaminifu, na sifa hiyo ilikuwa rasilimali kwake, maana watu walimpa madini yao wakingoja malipo. Alituma wapelelezi, akakusanya vibali vya kuchimba, akajaribu kuyeyusha madini kwa tanuru ndogo sehemu za Calcifer na Girofla. Tatizo lilikuwa usafiri. Mikokoteni ya ng'ombe haikuweza kubeba shaba nyingi kiasi cha kulipa gharama. Reli ya serikali kutoka Cairns ilikuwa imefika Mareeba mwaka 1893, baada ya kazi ngumu iliyoua vibarua wengi kwenye magenge ya Kuranda, na kutoka hapo hapakuwa na kitu kuelekea magharibi.

Hapo ndipo sheria ya kwanza ya mwaka 1897 ilipoingia. Serikali haikutaka kutumia fedha zake, ikawapa wenye mtaji kibali. Kampuni ya Chillagoe Railway and Mines ilianzishwa, hisa zake zikauzwa Melbourne, na wataalamu wakaandika taarifa za matumaini makubwa juu ya wingi wa madini. Wanunuzi wa hisa hawakuwa wameiona Chillagoe. Walinunua taarifa. Mwaka 1901 treni zilikuwa zinafika hadi Mungana, kituo cha mwisho, na mwaka huohuo tanuru kubwa za Chillagoe zikawashwa kwa shangwe.

Zilizimwa muda mfupi baadaye. Madini yaliyokuwa tayari kuchimbwa hayakutosha kuzilisha, na mengine hayakuwa na kiwango kilichotajwa. Naliona hili kuwa kiini cha mkasa wote wa Chillagoe: reli na tanuru vilijengwa kwa ukubwa wa taarifa, na ardhi ilikuwa na kiasi chake yenyewe. Kampuni ilifilisika, ikaundwa upya, ikawasha tena. Kwa zaidi ya miaka kumi ilikimbilia huku na huku kutafuta cha kutia tanuruni. Ilijenga reli nyingine kutoka kituo cha Almaden hadi Forsayth, iliyokamilika mwaka 1910, kwa tumaini kwamba nchi ya Etheridge ingeleta madini yaliyokosekana nyumbani. Ilifungua mgodi wa makaa ya mawe chini ya mlima ulioitwa Mount Mulligan ili isiendelee kununua makaa ya koki ya mbali. Mwaka 1914 tanuru zikazimwa tena.

Kazi ya tanuru yenyewe inafaa kuelezwa, kwa kuwa ndiyo iliyoupa mji umbo lake. Madini kutoka migodini yalivunjwa, yakachomwa ili kupunguza salfa, kisha yakatiwa kwenye tanuru pamoja na koki, mawe ya chuma na mawe ya chokaa. Chokaa na chuma huyeyuka na kushikana na mchanga na uchafu, na kuiacha metali nzito ishuke chini. Uchafu huo uliomiminwa ukiwa moto ni mavi ya madini, na lundo lake jeusi bado limetanda kando ya kijito. Kwa hiyo vilima vilevile vya matumbawe ya kale vililisha tanuru. Moshi ulipita kwenye mifereji ya matofali iliyopanda kilima hadi kwenye dohani, na pamoja na moshi ulipanda aseniki. Miti ya karibu ilikatwa kwa kuni na nguzo za migodi. Wafanyakazi wa madini ya risasi walijua ugonjwa wa risasi mwilini, tumbo la kusokota na mikono iliyolegea, kabla ya daktari kuwaambia.

Watu wa kazi hizo walikuja kutoka kila upande, na pamoja nao zikaja fikra za vyama vya wafanyakazi. Mmoja wao alikuwa Edward Granville Theodore, mtoto wa mhamiaji kutoka Romania, aliyeacha shule akiwa na miaka 12 na kuzunguka migodi ya Australia hadi alipofika nyuma ya Cairns. Mwaka 1907 yeye na rafiki yake William McCormack walianzisha chama cha wafanyakazi katika nchi ya Moffat, na chama hicho kikakua haraka hata kuwatisha waajiri wa kaskazini yote. Mwaka 1909 Theodore aliingia bungeni. Kuanzia 1912 alikuwa mbunge wa jimbo la Chillagoe, na mwaka 1919 akawa Waziri Mkuu wa Queensland. Serikali ya chama cha Labor wakati huo iliamini kwamba dola inaweza kufanya biashara kwa manufaa ya umma, na ilikuwa tayari na bucha zake, viwanda vyake vya mbao na maduka yake ya samaki. Kununua reli na tanuru za Chillagoe, zilizolala na kuacha miji mizima bila kazi, kulionekana kuwa jambo la kawaida. Serikali ilizinunua mwaka 1919 na kuziwasha mwaka uliofuata.

Kwa watu wa Chillagoe huo ulikuwa uokovu wa kweli, na sipendi jinsi unavyosimuliwa kana kwamba ulikuwa kashfa tu. Maduka yalifunguliwa, watoto walirudi shule, treni zilipita. Lakini kashfa ilikuwepo. Mwaka 1922 serikali ilinunua migodi ya Mungana, pamoja na ile iliyoitwa Lady Jane na Girofla, kwa pauni 40,000. Bei ilionekana kubwa kupita thamani, na minong'ono ikaanza juu ya nani hasa alikuwa mwenye hisa. Labor iliposhindwa uchaguzi wa Queensland mwaka 1929, serikali mpya iliunda tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu James Campbell. Taarifa yake ya Julai 1930 ilisema kwamba Theodore, McCormack na washirika wao wawili, Reid na Goddard, walikuwa na hatia ya udanganyifu, na kwamba Theodore na McCormack walikuwa na maslahi ya siri katika mali waliyoiuzia serikali yao.

Wakati huo Theodore alikuwa Waziri wa Fedha wa Australia nzima, na dunia ilikuwa imeingia katika mdororo mkubwa wa uchumi. Alijiuzulu. Nchi ikakosa, katika miezi mibaya kuliko yote, mtu aliyekuwa na mpango wake mwenyewe wa kukabiliana na ukosefu wa ajira. Januari 1931 alirudishwa kwenye wizara, na Agosti mwaka huo baraza la wazee wa mahakama likatoa uamuzi upande wa washtakiwa katika kesi ya madai. Kisheria alisafishwa. Kisiasa hakuinuka tena. Ukisimama Mungana leo, mahali penye vichaka, mashimo na makaburi machache, ni vigumu kuamini kwamba hapo ndipo palipomwangusha mtu ambaye wengi walimtazamia awe Waziri Mkuu wa Australia.

Msiba mkubwa kuliko kashfa ulikwisha kutokea Mount Mulligan. Asubuhi ya Septemba 19, 1921, mlipuko ulipasua mgodi wa makaa uliofunguliwa na kampuni ya Chillagoe. Wachimbaji 75 walikufa, karibu wanaume wote wa zamu katika kijiji kidogo kisichokuwa na kazi nyingine. Mgodi huo ulisifiwa kuwa salama, hauna gesi, na watu walifanya kazi kwa taa za moto wazi. Uchunguzi ulionyesha kwamba baruti iliyolipuliwa mahali pasipostahili iliwasha vumbi la makaa, na vumbi hilo likabeba moto njia zote za chini. Mgodi ulifunguliwa tena, serikali ikauchukua mwaka 1923, na ukaendelea hadi 1957.

Kwa Wadjungan mlima huo una jina lake, Ngarrabullgan, na una mwenyewe, kiumbe aitwaye Eekoo anayeweza kumdhuru mtu anayemsumbua. Wanaakiolojia wakiongozwa na Bruno David walichimba katika pango la juu ya mlima na kupata kwamba watu walifika hapo zaidi ya miaka 37,000 iliyopita. Wakapata na jambo lingine: yapata miaka 600 iliyopita makazi ya juu ya mlima yaliachwa, yote, ingawa maji na chakula vilikuwepo. David anaeleza kuwa hapo ndipo imani juu ya hatari ya mlima ilipochukua sura tunayoijua. Yeyote asiyewaza zaidi ya makaa ataona hadithi ya mizimu. Mimi naona watu waliokuwa na historia ndefu ya kuingia na kutoka katika mlima ule, wakafikia uamuzi wa pamoja, na hakuna aliyewauliza kabla ya kuutoboa.

Hawakuulizwa kwa sababu ya sheria ya pili. Wakati hisa zinauzwa Melbourne, msimamizi wa Waaborijini katika wilaya, ambaye kwa kawaida alikuwa polisi, alishika daftari la watu wake. Mfanyakazi wa ranchi alipata sehemu ndogo ya mshahara wake mkononi. Sehemu nyingine ilikwenda kwenye akaunti iliyosimamiwa na serikali, na kuomba senti zako mwenyewe kulihitaji kibali. Aliyelalamika, aliyeugua, aliyezaa mtoto wa rangi mchanganyiko au aliyeonekana kuwa mkaidi angeweza kuandikiwa hati ya kuhamishwa. Watu wa nyuma ya Cairns walipelekwa kambi za Yarrabah na Mona Mona karibu na Kuranda, na baada ya 1918 hata kisiwa cha Palm, mamia ya kilomita kutoka kwenye miamba yao. Mtoto aliyekulia huko alikatazwa lugha ya wazazi. Sheria hiyo ilibadilishwa majina mara kadhaa, na mamlaka yake juu ya maisha ya watu yaliendelea hadi miaka ya 1970. Madai ya mishahara iliyozuiwa yalifika mahakamani kama kesi ya pamoja ya maelfu ya watu, na mwaka 2019 serikali ya Queensland ilikubali kulipa dola milioni 190 za Australia. Wengi waliozifanyia kazi fedha hizo walikuwa wamekwisha kufa.

Tanuru za Chillagoe zilizimwa kwa mara ya mwisho mwaka 1943, katikati ya vita. Katika maisha yao yote zilipokea tani milioni 1.25 za madini, zikatoa tani 60,000 za shaba, tani 50,000 za risasi, tani 181 za fedha na tani 5 za dhahabu. Mashine ziling'olewa na kuuzwa. Watu walifuata kazi kwingine, nyumba zikabebwa kwenye mabehewa, na mji ukabaki na hoteli, duka na wafugaji. Miaka ya 1980 ilileta uhai kidogo. Machimbo ya marumaru yalifunguliwa, na mgodi wa dhahabu wa Red Dome karibu na Mungana ulifanya kazi kutoka 1986 hadi 1997. Leo wakazi hawazidi 300. Reli ya Etheridge, ile ya Almaden hadi Forsayth, hutumiwa na treni ya watalii, ambayo abiria wake hushukia Almaden na kupelekwa Chillagoe kwa gari. Kila mwaka mwezi Mei, tangu 2004, timu za watu husukuma matoroli kutoka Mareeba hadi Chillagoe, kilomita 140 kwa siku tatu, kuwakumbuka watafuta madini waliotembea njia hiyo wakisukuma kila walichokuwa nacho.

Dohani tatu bado zimesimama, zimeorodheshwa kuwa urithi wa jimbo, na mgeni huzitazama kutoka nje ya uzio kwa sababu udongo wa chini yake una sumu. Ni mandhari yenye nguvu, na wageni wengi huanza nayo. Ningewashauri waanze Mungana, kwenye Archways, pango lililo nusu wazi ambalo mtu huingia bila kiongozi, na ambako michoro iko kwenye mwamba ulio karibu. Kisha warudi mjini, wapite kwenye njia ya miguu ya Balancing Rock hadi Wullumba, mahali pengine pa michoro ya Wawakaman palipo wazi kwa umma. Wasiguse ukuta, kwa kuwa mafuta na jasho la vidole huila ngeu. Wasiingie kwenye mapango ambayo hayakufunguliwa kwa wageni, kwa sababu popo na teleka huacha watoto wakisumbuliwa, na kwa sababu baadhi ya mahali hapo hapakuwekwa kwa kila mtu. Zipo familia za Wawakaman ambazo babu na bibi zao waliondolewa kwa hati ya polisi na ambazo zimerudi kuitunza nchi hii, na mgeni akipata nafasi ya kutembezwa na mmoja wao aikubali hata kama itamlazimu kukosa ziara ya Donna. Tanuru zinaweza kungoja mchana wa siku ya pili, jua likiwa limepungua makali.